Kasumba, Bangi na Unga: Habari za Vileo katika Mitaa ya Dar es Salaam

Maneno "teja", "kete", "kijiwe" na "arosto" yasikika kila siku katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, na mwalimu afundishaye huko hakai mwezi mmoja asiyasikie midomoni mwa wanafunzi wake. Wengi wetu twayapuuza, tukisema kuwa ni lugha ya wahuni isiyostahili kuandikwa. Kwa maoni yangu si vema. Maneno ya watu ni kama nyayo zao. Mwenye kuyafuata hufika walikopita. Nami nataka kueleza hapa jinsi vileo vilivyoingia katika pwani yetu, kimoja baada ya kimoja, hata ukafika huu unga uliowaharibu vijana wengi wa mji, na jinsi watu walivyoviita. Maana majina hayo yana hukumu ndani yake, na kwa hukumu hiyo wako waliopelekwa kuponywa, na wako walioachwa wafe.

Tuanze na neno kasumba. Kijana wa shule akilisikia leo hudhani kuwa maana yake ni fikira mbovu zilizomganda mtu kichwani, hasa fikira za kupenda kutawaliwa. Walakini kasumba ni afyuni, yaani utomvu uliokaushwa wa tumba la ua, ambao mtu akiula au akiuvuta moshi wake huondolewa maumivu na kutiwa usingizi. Jina afyuni twalipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Katika miji ya pwani kitu hiki kililetwa na wafanya biashara wa ng'ambo, wala hakikuenea sana kwa wenyeji. Lakini tazama jinsi lugha ilivyokitumia: kitu chenyewe kimesahauliwa, na jina lake limebaki kuwa jina la kila jambo liutawalao moyo wa mtu hata asiweze kujitoa. Aliyeligeuza neno hili kwa maana hiyo alijua vema kazi ya afyuni.

Na afyuni ilikuwa biashara kubwa ya wakuu wa dunia. Waingereza walipigana na Wachina kwa ajili yake, mara ya kwanza mwaka 1839 hata 1842, na mara ya pili 1856 hata 1860, kwa kuwa serikali ya China ilitaka kuizuia isiingie nchini mwake. Baadaye mataifa yale yale yakakutana The Hague mwaka 1912 yakaandikiana mapatano ya kuizuia. Nataja habari hii kwa ajili ya wale wasemao kwamba uraibu ni tabia ya watu wa namna fulani au rangi fulani. Palipo na faida ya kuuza hupatikana wa kununua, popote duniani.

Bangi ni ya zamani zaidi kwetu. Jina lake ni la Kihindi, nayo ilivuka bahari pamoja na jina hilo. Katika nchi ya Uhabeshi wachimbaji wa mambo ya kale waliona vichwa vya kiko vyenye masalio ya bangi, navyo ni vya karne ya 14. Burton, aliyetoka pwani kwenda bara pamoja na Speke mwaka 1857, aliandika habari za watu wa bara kuivuta. Lakini habari ya ajabu kupita zote yatoka Kasai, katika Kongo. Huko chifu Kalamba na watu wake, yapata miaka ya 1870, waliacha hirizi zao wakazichoma moto, wakaweka silaha chini, wakafanya umoja wa kuvuta bangi pamoja. Wakajiita Bena Riamba, ndio kusema watu wa bangi. Mwenye kosa kwao alihukumiwa kuivuta mpaka aanguke bila fahamu. Mjerumani aliyekaa kwao na kutuandikia habari hizi ni Hermann von Wissmann, yule yule aliyekuja baadaye kupigana na Bushiri katika pwani yetu mwaka 1889. Sisemi kwamba Kalamba alifanya vema. Nasema tu kwamba kwao bangi ilikuwa na wakati wake, na mahali pake, na wazee wa kuiangalia. Kilevi kikiwa na mipaka ya desturi kina hatari moja; kikikatwa na desturi zote na kuuzwa uchochoroni kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, hatari yake ni nyingine. Bangi yenyewe haina upole ambao wavutaji husifu: huharibu kumbukumbu na usikivu wa mwanafunzi, na wako vijana ambao huwaamshia wazimu, hasa walioianza mapema.

Juu ya tembo na pombe sitasema mengi, maana kila msomaji azijua. Yatosha kukumbusha kwamba mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yalikatazana kuleta vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na kwamba katazo hilo halikuzuia mtu kupika chake mwenyewe. Gongo, ambalo wengine huliita moshi au piwa, lilikatazwa wakati wa wakoloni, likakatazwa na baada ya uhuru, nalo lingali likipikwa. Vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyoitwa viroba, vilivyonunulika hata na watoto, vilipigwa marufuku na Serikali tangu tarehe 1 Machi 2017. Mwalimu asije akadhani kuwa pombe ni jambo dogo kwa sababu ni ya zamani. Kwa hesabu ya watu iliowaharibu, hakuna kilevi kilichoifikia.

Basi sasa tuje kwenye unga. Mwanzo wake haukuwa uchochoroni bali katika vyumba vya wataalamu. Mjerumani Sertürner alitoa mofini katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1853 ikapatikana sindano ya kupenyeza dawa chini ya ngozi. Mwaka 1874 Mwingereza Alder Wright, katika hospitali ya St Mary's mjini London, alipika mofini pamoja na asidi akapata kitu kipya. Na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kukiuza kwa jina la heroini, kuwa dawa ya kikohozi. Ndiyo, dawa ya kikohozi! Ilichukua miaka mingi kabla ya madaktari kukiri kwamba dawa ile iliwafunga watu kuliko mofini yenyewe.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki heroini ilianza kuonekana katika miaka ya 1980, Mombasa na Malindi, na Unguja, na Dar es Salaam. Yatoka Afghanistan, hupita Pakistan na Iran, na katika pwani ya Makran hupakiwa majahazini. Hapa msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa. Njia ile ni njia ya babu zetu: kaskazi ivumapo chombo hushuka kutoka Arabuni na Makran hata kwetu, kikileta tende, chumvi na mazulia. Majahazi ya leo yana mashini, lakini kusi ikichafuka hata hayo hukaa bandarini. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na heroini kilo 1,032. Nyingi ya mali hiyo haikukusudiwa kwetu. Sisi tulikuwa njia tu ya kwenda Afrika ya Kusini na Ulaya. Lakini mchukuzi wa njiani hulipwa mara nyingine kwa sehemu ya mzigo, naye auze wapi isipokuwa mtaani kwake?

Heroini ya kwanza ilikuwa ya rangi ya kahawia. Vijana waliivuta, au waliichanganya na bangi na tumbaku katika sigara moja, wakaiita kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, ambayo huyeyuka katika maji bila taabu. Badiliko hili laonekana dogo, lakini ndilo lililoleta msiba, kwa kuwa kitu kiyeyukacho majini chaingia katika sindano. Katika miaka michache tu vijana wengi wa Dar es Salaam waliacha kuvuta wakaanza kujidunga.

Lazima tuutazame na mji wenyewe. Mzizima ya wavuvi, ambayo Sayidi Majid aliifanya mji katika miaka ya 1860 na kuiita Dar es Salaam, ilikuwa na watu 272,821 katika hesabu ya mwaka 1967. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kinondoni na Temeke zilipokea sehemu kubwa ya watu hao. Vijana walikuja kutafuta kazi ambayo haikuwapo. Mwaka 1983 Serikali ilijaribu kuwarudisha wasio na kazi mashambani, kwa mpango ulioitwa Nguvu Kazi. Wakachukuliwa kwa magari, na baada ya siku chache wengi walikuwa wamekwisha kurudi. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, bidhaa zikajaa madukani, na kijana akawa akiona kila kitu asiweze kununua kitu. Sitaki kusema kwamba umaskini peke yake huzaa uraibu, maana nimejua watoto wa nyumba zenye shibe walioangukia humo. Lakini unga uliwakuta vijana wale wamekaa.

Wamekaa wapi? Kijiweni. Kijiwe ni jiwe dogo la kukalia, kisha likawa jina la mahali penyewe, penye kivuli au kona ya nyumba, wanapokutana vijana wasio na shughuli. Mimi naona kwamba kijiwe ni baraza ambalo halina mzee. Barazani mkubwa husema na mdogo husikia, na apitaye husalimu na kuulizwa habari za nyumbani kwake. Kijiweni wote ni sawa kwa umri, na mwenye kujua zaidi ni yule aliyetangulia kupotea. Huko ndiko kete zilikouzwa. Kete kwa asili ni kauri, tena ni kitu cha kuchezea bao. Nao wakakipa jina hilo kile kikaratasi au kijifuko kidogo chenye unga wa kutosha mara moja. Na "unga" wenyewe! Neno la chakula cha kila siku, neno la mama jikoni, wamelipa sumu. Mwalimu mmoja wa Tandika aliniambia kwamba watoto wa darasa lake walicheka alipoandika ubaoni hesabu ya bei ya kilo mbili za unga, naye hakujua walichocheka.

Neno lililo zito kuliko yote ni teja. Asili yake, kama wengi wasemavyo, ni mteja, yaani mtu anunuaye kwa mwenye duka, ambaye katika kila duka huheshimiwa na kukaribishwa. Lakini tazameni sarufi, enyi waalimu. Mteja ni wa ngeli ya m- na wa-, ngeli ya watu. Teja, mateja, wamehamishwa katika ngeli ya jitu na majitu, ya jizi na majizi, ngeli ambayo lugha yetu humtia mtu inapotaka kumkuza kwa dharau au kumtoa katika ubinadamu. Kwa herufi moja kuondolewa, mwana wa jirani amekuwa kitu cha kutupiwa mawe. Wala si maneno matupu: katika mitaa hiyo mwizi wa kuku au wa nguo za kuanikwa akishikwa, akiwa teja, aweza kuuawa na umati kabla askari hawajafika.

Tupate kuelewa, yafaa tujue unga hufanya nini mwilini. Mungu ameweka katika ubongo wa mtu vitu vya kutuliza maumivu na kumpa raha baada ya kazi au baada ya jeraha. Heroini ikiingia hugeuka kuwa mofini, na kukaa mahali pale pale pa vitu hivyo, lakini kwa nguvu nyingi mno. Mwili hujitetea kwa kupunguza usikivu wake. Basi kiasi cha jana leo hakitoshi, na mtu huongeza. Baada ya wiki chache hatumii tena kwa kupata raha, bali kwa kukimbia mateso. Akikosa kwa saa sita hata kumi na mbili, kamasi na machozi humtoka, mwili humsisimka na kuota vipele kama vya kuku aliyenyonyolewa, mifupa humuuma, hutapika na kuhara, wala hapati usingizi. Hali hiyo ndiyo arosto. Huzidi siku ya pili na ya tatu, nayo hupungua baada ya juma moja. Aliyepata kumwona mtu katika arosto hamwulizi tena kwa nini aliiba sufuria ya mama yake.

Nimefika mahali ambapo kalamu ni nzito, ila habari hii ni ya kweli nayo iliandikwa na watafiti mwaka 2005. Katika Dar es Salaam wako waraibu, hasa wanawake waliojiuza kwa kupata fedha ya kete, waliofanya hivi: mmoja akiisha kujidunga, huvuta damu yake mwenyewe irudi katika sindano, kisha humpa mwenzake aliyekosa fedha, naye hujidunga damu ile, akitumaini kwamba ina unga kidogo wa kumwondolea arosto. Walifanya kwa kuhurumiana. Wasomaji wa habari za desturi watakumbuka udugu wa kuchanjana, ambapo watu wawili walichanjwa, kila mmoja akala kipande cha ini kilichopakwa damu ya mwenzake, wakawa ndugu hata kufa. Sidhani kwamba wanawake wale walikumbuka desturi hiyo. Lakini nia ya kushiriki uhai na mwenzio katika dhiki ni ile ile, na kilichokuwa katika damu ile kilikuwa mauti. Katika miaka hiyo mtu mzima mmoja hivi katika kila kumi wa Dar es Salaam alikuwa na virusi vya Ukimwi. Kati ya waliojidunga na kupimwa walikuwa zaidi ya theluthi moja, na kati ya wanawake wao zaidi ya nusu.

Serikali ilitunga Sheria Na. 9 ya mwaka 1995, na baadaye Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, ambayo kwayo ilisimamishwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya mwaka 2017. Adhabu zilikuwa kali, nazo zilistahili kwa wafanya biashara wakubwa. Walakini tendo lililobadili hali ya waraibu wenyewe lilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Februari 2011, walipoanza kuwapa methadoni. Dawa hii ilipatikana Ujerumani katika miaka ya 1930, na madaktari Dole na Nyswander wa New York waliijaribu kwa waraibu wa heroini katika miaka ya 1960. Ni ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Hukaa katika mahali pale pale pa heroini ubongoni, lakini huingia polepole na kudumu zaidi ya siku moja. Hivyo arosto haiji, na ile furaha ya ghafula nayo haiji. Mwaka 2012 kliniki ya pili ilifunguliwa Mwananyamala, katika Kinondoni, na mwaka 2014 ikafuata ya Temeke. Kabla ya hapo mtu wa Mbagala aliyetaka kupona alikuwa na safari ya kila siku mpaka Muhimbili, naye hana nauli. Na kijana asiye na nauli alijua njia moja tu ya kuipata.

Wako wachungaji wanenao kwamba methadoni ni kubadili pingu moja kwa nyingine. Nimewasikia, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa kuwa ni kweli kwamba anywaye methadoni hawezi kuiacha ghafula. Lakini mimi namwuliza mwenye hoja hiyo: mwenye kisukari adungwaye kila siku, je, naye amefungwa? Anywaye methadoni huamka, hufanya kazi, hurudi kwa mkewe, wala haibi, wala hashiriki sindano. Katika nyumba nyingi hayo ndiyo yaliyoombwa katika sala miaka yote.

Jambo moja zaidi lawahusu wachungaji na waalimu kuliko wengine wote. Baadhi yetu huwachukua vijana hawa, huwafungia katika nyumba ya maombi wiki tatu au mwezi, nao huvuka arosto, hutoa ushuhuda kanisani, na kuachwa waende zao. Mwili wa kijana yule umesahau kiasi chake cha zamani. Akianguka tena siku moja tu, akatumia kiasi alichokizoea, pumzi hukatika, naye hufa usiku ule. Ndivyo ilivyo pia kwa watokao gerezani. Basi kumfungia mtu na kumwachilia bila mtu wa kumfuata ni hatari kuliko kutomfungia. Dawa iitwayo naloksoni yaweza kuirudisha pumzi ikidungwa upesi, nayo yafaa ijulikane. Na mlevi wa gongo wa miaka mingi asikatishwe ghafula nyumbani hata kidogo: huyo hutetemeka, huona vitu visivyokuwapo, hushikwa na kifafa, na aweza kufa kwa kule kuacha kwenyewe. Apelekwe hospitali kwanza.

Katika kliniki hizo, na katika maandiko ya Serikali, teja haandikwi. Huandikwa mraibu, na hali yake uraibu. Wazee wa pwani walilijua neno uraibu kwa tambuu na viungo vyake, jani, popoo, chokaa na tumbaku, na kwa mazoea ya kuvitafuna. Lilikuwa neno la barazani, la mgeni kukaribishwa. Aliyelichagua kwa kazi hii mpya alichagua vema, maana mraibu, waraibu, wamerudi katika ngeli ya watu. Vivyo hivyo sheria husema "dawa za kulevya", wala si "madawa", ingawa watu wengi, na wahubiri pia, wangali wakisema "madawa".

Mwezi wa Aprili 2022 watawala wa Afghanistan walikataza kulima afyuni, na mwaka 2023 mashamba yake yalikuwa yamepungua kwa sehemu 95 katika 100. Ungedhani majahazi yangekuja matupu. Lakini mwezi wa Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kwamba imekamata kilo 3,182 katika Dar es Salaam na Iringa, na mzigo huo haukuwa heroini peke yake. Ulikuwamo na unga mwingine, methamfetamini, ambao haulazi mtu bali humkesha siku kadhaa bila chakula wala usingizi, hata aanze kuwaogopa ndugu zake. Huo hufanya kazi kwa njia nyingine katika ubongo. Methadoni haina nguvu juu yake, na kliniki za Mwananyamala na Temeke zilifunguliwa kwa ajili ya heroini.